Mwomba hifadhi: aanze wapi, aseme nini, na asinunue nini

Makala haya nimewaandikia watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyekimbia kwao, akashuka hapa pwani kwa mashua au kwa basi, Kiswahili anakijua, lakini hajui aelekee wapi. Wa pili ni sisi wenyeji tunaoishi naye: mwenye nyumba aliyempangisha chumba, imamu anayeulizwa baada ya swala ya isha, mzee wa mtaa anayebishiwa hodi usiku. Mara nyingi sisi ndio tunaotoa ushauri wa kwanza. Ushauri huo ukiwa mbovu, kuutengeneza huchukua miaka, na wakati mwingine hautengenezeki.

Tutenganishe majina kwanza, maana mitaani kwetu neno "mkimbizi" hutupiwa kila mgeni aliyekuja na mzigo wake kichwani. Mwomba hifadhi ni mtu aliyetoka nchi yake, ameomba nchi nyingine imlinde, na ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi ni yule ambaye ombi lake limeshakubaliwa. Aliyekuja kutafuta kazi ni mhamiaji, naye ana sheria zake na vibali vyake. Halafu kuna asiye na uraia wa nchi yoyote. Wapemba wa Kwale na Kilifi ambao serikali iliwatambua mwaka 2023 walikuwa wa kundi hili la mwisho. Wengi wao walizaliwa hapa, wakavua hapa, wakazika wazazi wao hapa, ila karatasi hawakuwa nazo. Wasichanganywe na wale Wapemba kama 2,000 walioshuka Shimoni mapema mwaka 2001, baada ya maandamano ya Januari 27 kule Zanzibar na watu kupigwa risasi. Hao wa 2001 walikuwa waomba hifadhi kwa kila maana ya neno. Wengi walirejea makwao baadaye, hasa baada ya CCM na CUF kutia saini muafaka Oktoba mwaka huo huo.

Nimewataja kwa makusudi. Kuna watu hapa pwani wanaodhani ukimbizi ni jambo la Wasomali na Wakongo. Shimoni ilitufundisha kuwa mwomba hifadhi aweza kuwa mtu anayesema Kiswahili safi kuliko chako, anayeswali msikiti mmoja nawe, na ambaye nyanya yake na nyanya yako huenda walijuana.

Sheria inasemaje

Mkataba mkuu wa dunia ni ule wa Geneva wa 1951. Uliandikwa kwa ajili ya watu waliotawanywa na vita vya Ulaya, ukaondolewa mipaka hiyo kwa itifaki ya 1967. Unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, uraia wake, kundi la jamii alimo, au msimamo wake wa kisiasa. Sababu ni hizo tano. Njaa haimo, ukosefu wa kazi haumo, hata vita vyenyewe havikutajwa.

Waafrika waliliona pengo hilo. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake mjini Addis Ababa, nao ukaongeza wale wanaokimbia uvamizi wa kigeni, kukaliwa kwa mabavu, au machafuko makubwa yaliyovuruga nchi nzima au sehemu yake. Kwa mtu aliyekimbia Bukavu au Kismayu, mkataba huu wa pili ndio unaomfaa zaidi. Hahitaji kuonyesha kwamba bunduki ilimtafuta yeye kwa jina lake. Yatosha kwamba mji wake ulikuwa haukaliki.

Kenya imeingia mikataba yote miwili. Sheria yetu ya kwanza kamili ya wakimbizi ilikuja 2006, na hii inayotumika sasa ni ya 2021, iliyoanza kazi Februari 2022. Ndani yake mna Kamishna wa Wakimbizi na idara yake, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, DRS. Zamani kazi ya kuwahoji watu na kuamua nani ni mkimbizi ilifanywa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa. Sasa kazi hiyo ni ya serikali, na UNHCR yasaidia. Wako watu ambao mpaka leo wanapanga foleni mlango usio wao kwa kutojua hili.

Kwa sisi Waislamu habari hii ina mizizi ya zamani. Masahaba wa kwanza waliohamia Uhabeshi, karibu mwaka 615, waliomba hifadhi kwa mfalme ambaye hakuwa wa dini yao. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi hakuzipokea zawadi akawatoa. Aliwaita, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib akieleza, kisha ndipo akaamua. Ukitazama vizuri, mle mna mahojiano, mna ombi la kurudishwa, na mna uamuzi. Kanuni ya leo kwamba mtu asirudishwe mahali ambapo maisha yake yamo hatarini ni ile ile, ingawa sasa imeandikwa katika sheria ya Kenya.

Siku thelathini

Aliyeingia Kenya, hata kama hakupita kwenye kituo cha mpaka, anatakiwa ajitokeze mwenyewe mbele ya afisa wa kupokea wakimbizi aliye karibu, mara tu anapofika au ndani ya siku 30. Akifanya hivyo, hashtakiwi kwa kuingia bila kibali wakati ombi lake likishughulikiwa. Kinga hii ni kubwa, na watu wanaiacha iwapotee kwa sababu ya woga. Wanajificha Kisauni au Likoni, miezi inapita, kisha wanashikwa katika msako na kesi inakuwa ya uhamiaji.

Ofisi kubwa zinazojulikana ziko Nairobi na katika kambi za Dadaab na Kakuma. Mtu aliye Mombasa asiyejua afisa wake yuko wapi na auliza kwanza kwa watu wa msaada wa sheria. Kituo cha Sheria, ambacho kwa miaka mingi kimewatetea wakimbizi mahakamani, ni mlango mmoja wa kuanzia. Refugee Consortium of Kenya ni mwingine. Kuuliza huko hakulipiwi. Kuandikishwa pia hakulipiwi, wala fomu haiuzwi, na pembeni yake hakuna "chai" inayotambuliwa na sheria.

Akifika ataandikwa jina, atapigwa picha, atachukuliwa alama za vidole, kisha atapewa karatasi inayoonyesha kuwa ni mwomba hifadhi. Karatasi hiyo aitunze kuliko simu. Baadaye ataitwa kwa mahojiano marefu. Kati ya karatasi na mahojiano huweza kupita muda mrefu sana, na hapa sitaki kumdanganya mtu: kusubiri ni sehemu kubwa ya maisha ya mwomba hifadhi. Akikubaliwa atapata kitambulisho cha mkimbizi, na anaweza kuomba kibali cha kazi, kile cha daraja la M. Akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa, na baada ya hapo Mahakama Kuu iko wazi. Siku hizo zinahesabiwa, kwa hiyo barua ya kukataliwa isikae mfukoni ikisubiri mtu wa kuisoma.

Nchi yetu kwa desturi imetaka wakimbizi wakae kambini. Dadaab, iliyoanzishwa 1991, ilikusudiwa watu 90,000, ikaja kubeba mara kadhaa ya hao. Kakuma ilifuata 1992. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilizuia amri ya serikali ya kuwahamisha kwa nguvu wakimbizi wote wa mijini, na mwaka 2017 ikazuia kufungwa kwa Dadaab. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao lengo lake ni kuzigeuza kambi ziwe makaazi ya kawaida ambapo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule na hospitali moja. Mimi naona wazo ni zuri. Lakini mtu anayeishi Mombasa bila ruhusa ya kukaa mjini bado yuko hatarini, na asiambiwe vingine.

Neno moja kwa anayeshikwa na polisi. Aseme mapema, kwa sauti, kwamba yeye ni mwomba hifadhi. Akifikishwa kortini bila kuelewa lugha, Katiba inampa mkalimani bila malipo. Watu wengi wanaambiwa na wenzao wa seli, "kubali makosa umalize." Anakubali, anahukumiwa, na juu ya hukumu hakimu anatoa amri arudishwe kwao. Mtu huyo hakuwahi kutamka mbele ya hakimu kwamba kurudi kwao ni kifo. Kabla ya kujibu shtaka, amwambie hakimu kuwa anaomba hifadhi.

Kuna jambo jingine linalowahusu wanaotoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Wakongo, Warundi, na tangu 2024 Wasomali pia. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi hizo kuacha hadhi ya ukimbizi akakaa kama raia wa Jumuiya. Kwa mfanyabiashara aweza kuona ni nafuu. Asiamue kabla ya kuongea na wakili, kwa sababu anayeacha hadhi ile anaacha pia ulinzi wa kutorudishwa.

Mahojiano, na mitego ya Kiswahili chetu

Hapa ndipo penye kazi. Mwomba hifadhi mara nyingi hana shahidi, hana picha, wala hana cheti. Ana maneno yake. Afisa atamsikiliza, ataandika, na baada ya miezi atamuuliza tena. Majibu yasipofanana, atasema huyu ni mwongo. Na Kiswahili, jamani, kina mitego ambayo sisi hatuioni kwa sababu tumezaliwa ndani yake.

Chukua saa. Mtu anasema walivamiwa saa nne. Kwetu saa nne ya asubuhi ni jua limeshapanda. Mkalimani aliyekulia Ulaya, au mwandishi mwenye haraka, anaandika alasiri, saa nne ya Kizungu. Katika karatasi nyingine imeandikwa asubuhi. Basi kuna maelezo mawili, na mwenye kuyatoa ni mtu mmoja. Dawa yake ni kutaja na wakati wa siku: "baada ya alfajiri, jua halijatoka," "kabla ya adhuhuri."

Chukua jamaa. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Mtoto aliyelelewa na baba mdogo anamwita baba, na haoni haja ya kueleza. Katika ukurasa wa tatu wa maelezo baba ameuawa, katika ukurasa wa saba baba ndiye aliyelipa nauli ya mashua. Dada wa mama ni mama. Mtoto wa ami ni ndugu. Afisa aliyezoea ukoo wa watu wanne atahesabu na kuona hesabu haiingii. Kwa hiyo ni lazima mtu aseme "baba aliyenizaa" na "baba mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na babangu," hata kama kwa masikio yake ni kama kumkana mzee wake.

Chukua tarehe. Wazee wetu wengi hawahesabu kwa Januari na Februari. Watasema ilikuwa kusi, ilikuwa mwanzo wa kaskazi, ilikuwa mfungo sita, ilikuwa siku chache baada ya Idd. Mwezi wa Kiislamu unasogea kila mwaka, na Idd ni mbili. Mtu akilazimishwa kutaja tarehe atabuni, na akibuni mara mbili atabuni tofauti. Ni bora aseme: "Tarehe siijui, lakini ilikuwa baada ya Idd ndogo, upepo wa kusi umeanza." Hilo aweza kulirudia miaka kumi bila kulikosea.

Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Anayetoka Uvira na anayetoka Faza wote wanaandikiwa "Kiswahili" kwenye fomu, na wakikutanishwa wataachana njiani mara kadhaa. Mwombaji ana haki ya kusema mkalimani simwelewi. Mwanamke aliyefanyiwa ubaya ana haki ya kuomba afisa mwanamke na mkalimani mwanamke, na aombe kabla ya siku yenyewe. Tena mkalimani asiwe jirani wala mtu wa ukoo hasimu, maana mtu hatasema ya moyoni mbele ya anayemwogopa.

Kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha mwaka 1979 kinaeleza kwamba kazi ya kutafuta ukweli ni ya wote wawili, mwombaji na mhoji, na kwamba mtu aliyejitahidi kueleza asikataliwe kwa sababu tu hakuweza kuthibitisha kila kitu. Lakini hilo linamfaa aliyesema kweli tangu siku ya kwanza.

Wabajuni, na thamani ya neno moja

Kisa cha Wabajuni ndicho kinachoniuma zaidi, nacho ni chetu. Watu hawa wanakaa tangu Kismayu na visiwa vyake, Chovai, Chula, Koyama, kuteremka hadi Kiunga na Pate. Mpaka unaowakata ni wa juzi. Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland mwaka 1925, na ndugu waliokuwa chini ya serikali moja wakaamka wako mbili.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu wa visiwani hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga. Walipakia mashua wakaja Lamu, Malindi, Mombasa. Wabarawa pia walikuja, na Kimwiini chao, ambacho ni Kiswahili cha kaskazini kilichokaa peke yake kwa karne nyingi. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka watoto wa Kibarawa walivyoingia madrasa yetu; Qur'ani walituzidi, lakini tukicheka maneno yao. Kambi zilikuwa Utange, Swaleh Nguru, Hatimy, Jomvu, Benadir, na Marafa huko juu ya Malindi. Katika miaka ya tisini zote zilifungwa. Wengine walipelekwa Kakuma na Dadaab, wengine Marekani, wengine walirejea kwao, na wengine wakayeyuka mitaani kwa jamaa zao.

Sasa mtazame mtoto aliyeletwa na mashua akiwa na miaka minne. Amekulia Jomvu, kisha Majengo. Akiwa mtu mzima amefika Uingereza akaomba hifadhi. Anaulizwa: wewe wasema Mbajuni wa Somalia, taja visiwa, taja samaki, sema Kibajuni. Sauti yake inarekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi wa lugha. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab. Mbajuni wa kisiwani husema "nchu" pale sisi tunaposema "mtu." Kijana wetu anasema "mtu," kama watoto wote wa Mombasa. Jibu linarudi: lugha hii ni ya Kenya. Na ni kweli, lugha yake ni ya Kenya. Ila swali lilikuwa uraia, na uraia wa Kenya hana.

Wataalamu wa lugha waliliona tatizo hili. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo kwamba uchambuzi wa lugha waweza kuonyesha mtu alikulia miongoni mwa watu gani, lakini hauwezi wenyewe kuthibitisha uraia. Mwaka huo huo baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni: ujuzi wa Kibajuni upimwe, lakini upimwe kwa kutazama historia ya mtu mwenyewe, wala usiwe peke yake ndio wa kukata shauri. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilizungumzia tena ripoti za Sprakab, katika kesi ya watu waliosema ni wa Banadir ya Mogadishu, ikaonya kwamba mchambuzi wa lugha asivuke akaanza kuhukumu mambo yasiyo ya lugha.

Kwa hiyo kijana wa namna hii asijitie Kibajuni asichokijua. Aseme: nililetwa mdogo, nimekulia kambi fulani, Kibajuni nakisikia kwa nyanya lakini nasema Kiswahili cha Mombasa. Hayo yanaaminika kwa sababu ndivyo yalivyo. Na kama mzazi ana kadi ya zamani ya mgao wa chakula ya Utange au Jomvu, hata iliyofifia, hiyo ni mali.

Dalali wa habari

Wabajuni wa kweli wameumizwa pia na sisi wenyewe, nami nitasema bila kuzunguka. Kuna madalali hapa pwani wanaouza habari. Kijana Mkenya anayetaka Ulaya anafundishwa majina ya visiwa, anafundishwa maneno ishirini ya Kibajuni, anaambiwa alie mahali fulani. Analipa. Habari ile ile inauzwa kwa watu kadhaa, na afisa aliyeisikia mara ya tano haiamini tena, hata inapotoka kwa yule ambaye babake alizikwa Chula. Yule wa Chula hakununua kitu, na ndiye anayelipa.

Mnunuzi naye hasalimiki. Hadhi iliyopatikana kwa uongo yaweza kufutwa baada ya miaka mingi, hata uraia ulioujengea juu yake. Ataishi na jina la kuazima. Mamake akifa Mtwapa hataweza kuja kuzika kwa pasi inayosema yeye ni wa Kismayu. Na wapo walioharibikiwa bila kuvuka bahari. Huko Garissa maelfu ya Wakenya walijiandikisha ukimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula na matibabu ya kambini. Alama za vidole zikabaki kwenye daftari la wakimbizi, na walipoenda kuomba kitambulisho cha Kenya wakaambiwa nyinyi ni Wasomali. Baadhi walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi. Mkenya yeyote na asiweke kidole chake kwenye mashine ya wakimbizi, hata kwa gunia la unga.

Dalali wa pili ni yule anayeuza "nafasi ya kwenda Marekani" au Canada. UNHCR haiuzi nafasi. Kila mwaka wanaopelekwa nchi ya tatu ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia, na wanachaguliwa kwa hatari waliyonayo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshauza vitanda vyao Kakuma wakabaki na tiketi zisizo na ndege. Anayekwambia leo ana njia ya mkato anajua hayo yote, na anajua wewe huyajui.

Kuhusu Uingereza, ombi la hifadhi hufanywa mtu akiwa ameshafika huko. Ubalozini Nairobi haliombwi. Marekani nayo, kwa aliyeko ndani ya nchi, inampa kwa kawaida mwaka mmoja tangu kuingia awe ameomba.

Na Ghuba? Binti zetu wengi wako Saudia, Oman, Qatar na Imarati. Nchi za Ghuba hazimo katika mkataba wa 1951. Binti aliyekimbia nyumba ya mwajiri anayempiga hawezi kutegemea njia niliyoieleza hapa. Njia yake ni ubalozi wa Kenya na idara ya kazi ya nchi ile, na nakala ya mkataba wake wa kazi iliyobaki nyumbani. Ajira za Ghuba nitaziandikia makala yake, inshaallah.

Karatasi

Nimalizie na jambo dogo ambalo wakili yeyote atakuambia ni kubwa. Mwomba hifadhi apige picha kila karatasi anayopewa, mbele na nyuma, siku ile ile: karatasi ya kuandikishwa, barua ya mwito, cheti cha hospitali kinachoonyesha makovu, risiti ya basi, barua ya shule ya mtoto. Aandike pia, kwa mkono wake au wa mtu anayemwamini, yale aliyomwambia afisa siku ya kwanza, angali anayakumbuka. Si ya kuyakariri. Ni ya kujikumbusha wakati mahojiano ya pili yatakapokuja baada ya mwaka na nusu. Chumba cha kupanga huvuja, simu huibiwa kivukoni. Nakala moja aiache kwa mtu asiyehamahama, na kwa wengi hapa Mombasa huyo huwa ni mwenye duka.